Seva Inakataa Watu: Kutafuta Chanzo Watumiaji Wanapozidi Leseni

Simu iliingia saa mbili kasoro robo asubuhi, chai bado iko mezani. Ilikuwa ofisi ya uwakala wa forodha, njia ya kwenda bandarini hapa Tanga.

"Kaka, seva imegoma. Haimpokei mtu hata mmoja."

"Imeandika nini?"

"Imeandika Kiingereza kirefu, nikabonyeza OK kikaondoka. Tafadhali wahi, mteja yuko hapa anasubiri ankara yake."

Nilipofika, kijana wa ofisi alikuwa ameshaizima seva mara mbili kwa kushikilia kitufe, na bosi ameshaagiza swichi mpya ya mtandao. Seva ilikuwa nzima kabisa, na swichi ya zamani ilikuwa nzima pia. Siku 120 ambazo Windows Server hutoa kwa huduma ya rimoti (ile ya kuingia na kufanya kazi ndani ya seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine) isiyo na leseni zilikuwa zimekwisha usiku uliotangulia. Jibu lote lilikuwa kwenye yale maneno ambayo dada wa hesabu, aliyenipigia simu, aliyaondoa kwa OK.

Nimekutana na jambo hili kwenye maduka ya Ngamiani, kwenye zahanati, kwenye ofisi za mashamba ya mkonge na kwenye maghala. Wote husema kitu kimoja: "Seva imejaa." Lakini chini ya neno hilo kuna matatizo sita au saba yasiyofanana, kwa sababu kila toleo la Windows linahesabu kitu chake. Lipo linalohesabu miunganisho iliyo wazi sasa hivi, lipo linalohesabu akaunti hata za watu waliokwisha kuacha kazi. Jingine linahesabu vifaa, na jingine linahesabu siku tu. Fundi asiyejua kinachohesabiwa atauza leseni isiyohitajika, au atafuta akaunti za watu bure.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, waombe watu wa ofisi wapige picha ya ujumbe kwa simu na wakutumie ulivyo, wasikuhadithie. Halafu kwenye seva bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, usome ni toleo gani hasa: Standard, Essentials, au ni Windows 10 ya kawaida iliyopandishwa cheo ikaitwa seva. Mwisho uliza kama wanakataliwa wote au anakataliwa anayechelewa kufika tu. Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Wakikataliwa wote, mara nyingi ni siku zimekwisha au seva ya leseni, yaani ile inayogawa leseni, haionekani. Akikataliwa anayechelewa, kuna nafasi zilizojaa.

Wanaowahi wanafungua folda, anayechelewa anakataliwa

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi hapa mjini. Ofisi ilianza na kompyuta nne, moja ikawekwa mafaili ya wote. Biashara ikakua, kompyuta zikafika kumi na tano, ikaja printa kubwa inayotuma nakala kwenye folda, vijana wakaunganisha na simu. Siku moja mtu anafungua folda ya pamoja anaambiwa kwamba kompyuta ile haiwezi kupokea miunganisho zaidi, imefika kikomo chake.

Ukiandika winver unakuta Windows 10 Pro au 11 Pro. Matoleo hayo yanaruhusu vifaa 20 tu kuunganishwa kwa wakati mmoja kwa ajili ya mafaili na printa. Windows XP Professional iliruhusu 10. Kikomo hicho kimo ndani ya mkataba wa leseni na kimo ndani ya programu yenyewe, wala hakuna leseni ya kuongeza ya kununua.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net session. Utaona orodha ya anwani za vifaa vilivyounganishwa, jina la mtumiaji, idadi ya mafaili aliyofungua na muda aliokaa bila kufanya kitu. Isome taratibu. Kwenye ofisi moja ya Chumbageni niliwahi kuhesabu mistari 20 kamili wakati walioketi kwenye viti walikuwa kumi na mmoja. Mstari mmoja ulikuwa printa. Mitatu ilikuwa simu. Mingine ilikuwa kompyuta za watu waliotoka kula wakaziacha zimelala zikiwa zimeshikilia folda. Kila mstari ulikuwa na haki yake, ila wote kwa pamoja ndio waliomfungia mlango mtu wa stoo aliyerudi na hati zake za kupokelea mzigo.

Andika tena net config server, utaona dakika ambazo seva inasubiri kabla ya kumwondoa asiyefanya kitu. Kawaida ni 15. Unaweza kuzipunguza kwa net config server /autodisconnect:5, na ofisi itapumua siku hiyo hiyo. Lakini aliyeacha faili wazi haondolewi kwa njia hii, na karani aliyezoea kuacha jedwali la Excel wazi kutwa nzima ataendelea kukalia nafasi.

Kabla hujalaumu leseni, angalia na folda yenyewe. Kwenye mipangilio yake ya kushirikisha kuna sehemu ya kuweka idadi ya watu wanaoweza kuifungua kwa pamoja. Nimeshakuta mtu ameandika 5 miaka iliyopita na amesahau. Hapo dawa ni kubadilisha namba moja tu.

Dawa ya kudumu kwa ofisi iliyofika hapa ni kuhamisha mafaili. Ikiwa wanachohitaji ni folda za pamoja tu, mimi huwashauri waweke mashine ya Linux yenye Samba, programu ya kushirikisha mafaili, au kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili kinachochomekwa moja kwa moja kwenye mtandao. Samba ni ya bure na haihesabu watumiaji. Sioni sababu ya duka la vipuri kununua Windows Server kwa ajili ya folda tatu. Wakiwa wanahitaji zaidi ya folda, yaani programu ya uhasibu inayoendeshwa kwenye seva au udhibiti wa akaunti za wafanyakazi, hapo Windows Server ina kazi yake.

Wawili wanaingia kwa rimoti, wa tatu anaambiwa achague wa kumtoa

Hapa seva ni Windows Server kweli, lakini haijawekewa huduma kamili ya rimoti. Kwa hali hiyo inaruhusu watu wawili tu kwa wakati mmoja, na nafasi hizo mbili zimetolewa kwa ajili ya kuisimamia seva. Hazikukusudiwa watu wa hesabu kufanyia kazi ya kila siku. Wa tatu akija anaoneshwa majina ya walio ndani na kuulizwa amtoe yupi.

Andika quser kwenye dirisha la amri. Safu ya STATE inaonesha nani yuko hai, na safu ya IDLE TIME inaonesha amekaa muda gani bila kugusa kitu. Ukiona kwa mfano 3+14:22, maana yake siku tatu, saa kumi na nne na dakika ishirini na mbili. Niliwahi kuikuta namba ya namna hiyo kwenye akaunti ya mtaalamu aliyekuja kufunga programu ya uhasibu. Alikuwa ameshaondoka mjini, lakini kompyuta aliyoitumia kuingilia ilikuwa bado inawaka chumba cha pili, imeshika nafasi moja kati ya mbili. Ukishahakikisha hana kazi ambayo hajaihifadhi, soma namba yake kwenye safu ya ID, kisha andika logoff na namba hiyo.

Wafundishe watu tofauti ya kufunga dirisha na kutoka. Ukibonyeza alama ya X kwenye dirisha la rimoti, programu zako zinaendelea kuishi ndani ya seva, zinakula kumbukumbu na zinashikilia mafaili ya hesabu. Anayetaka kuondoka kweli aende kwenye menyu ya Start achague kutoka. Unaweza pia kuweka muda kwenye gpedit.msc, dirisha la kupangia sera za Windows, ndani ya mipangilio ya Remote Desktop Session Host, sehemu ya Session Time Limits, ili sesheni iliyoachwa ikatwe yenyewe. Mimi huweka muda wa saa mbili kwa sesheni zilizotengana, yaani dirisha limefungwa lakini mtu hajatoka. Chini ya hapo, umeme ukikatika na kurudi, mtu anakuta kazi yake imeshafungwa.

Wakihitaji watu watatu au zaidi, hakuna njia ya halali isipokuwa kuweka huduma kamili na kununua leseni zake. Zipo programu za mitaani zinazofungua nafasi zaidi bila leseni. Nakuomba usiziweke kwenye mashine yenye hesabu za watu. Zinachezea sehemu ya Windows inayopokea wageni kutoka nje, sasisho likija zinavunjika, na huwezi kujua aliyezitengeneza ameingiza nini kingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inalinda na programu za kompyuta pia.

Hakuna anayeingia kwa rimoti, na jana ilikuwa sawa

Narudi kwenye ile ofisi ya njia ya bandarini, kwa sababu hapa ndipo penye mambo mengi.

Ukiweka huduma ya Remote Desktop Session Host, yaani ile huduma kamili ya rimoti, Windows Server inakupa siku 120 za kuitumia bila leseni. Katika siku hizo kila mtu anaingia bila tatizo. Fundi anakabidhi kazi, analipwa, anaondoka. Miezi minne baadaye, asubuhi moja, kila anayejaribu anaambiwa hakuna seva ya leseni ya kumpa leseni. Wenye ofisi hawawezi kuunganisha tukio hili na kazi iliyofanywa miezi minne nyuma, ndiyo maana wanashuku swichi, nyaya na virusi.

Wewe fundi bado unaweza kuingia. Kwenye kompyuta nyingine andika mstsc /admin, utaingia kwa ile nafasi ya usimamizi. Kisha fungua lsdiag.msc, chombo cha uchunguzi wa leseni za rimoti. Kitakuambia mambo matatu: kama siku za neema (zile 120) zimekwisha, kama seva inajua seva yake ya leseni ni ipi, na leseni ngapi zipo. Mimi huanza na chombo hiki kila mara, hata kama najiona nimeshajua jibu.

Pale ofisini kilionesha leseni sifuri. Nikamwambia bosi itabidi anunue. Yule mzee alinitazama kwa masikitiko.

"Mwanangu, mbona nililipia leseni?"

Akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hati ya mauzo, na nyuma yake karatasi yenye herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa mafungu matano. Zilikuwa leseni kumi za watumiaji, zimenunuliwa siku moja na seva. Aliyefunga seva alimkabidhi kama anavyokabidhi risiti, hakuziingiza. Mzee yule alikuwa amelipa kila kitu kilichotakiwa, na bado alifungiwa nje ya hesabu zake mwenyewe. Iliniuma.

Kuziingiza kulichukua chini ya saa moja. Kwanza unaongeza huduma ya Remote Desktop Licensing kwenye seva. Kisha unafungua licmgr.exe na kuiamsha. Kama seva haina intaneti, unaweza kuiamsha kupitia tovuti ukitumia kompyuta nyingine, au kwa simu. Baada ya hapo unaingiza zile herufi 25. Wengi huishia hapo wakashangaa mbona watu bado wanakataliwa. Kimebaki kitu kimoja: kuiambia seva inayopokea watu kwamba leseni ziko wapi na ni za aina gani. Kwenye gpedit.msc nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Session Host, halafu Licensing. Mpangilio mmoja unataka jina la seva ya leseni, hata kama ni seva hiyo hiyo. Mwingine unataka aina, kwa mtumiaji au kwa kifaa. Weka vyote viwili, washa seva upya, rudi kwenye lsdiag.msc uone kama imetulia.

Aina ikipishana na ulichonunua, leseni zipo lakini hazitoki. Ofisi ina leseni za vifaa, mpangilio unasema watumiaji, kila mtu anabaki mlangoni. Matoleo nayo yana ngazi. Leseni za 2016 hazikubaliki kumwingiza mtu kwenye seva ya 2019, ila za 2019 zinakubalika kwenye seva ya 2016. Anayenunua leseni za zamani kwa bei nafuu bila kuuliza toleo la seva yake, pesa imekwenda.

Kosa jingine huwapata wenye ofisi ndogo ambazo seva yao haiko kwenye domeni, yaani mtandao ambao akaunti na kompyuta zote zinasimamiwa mahali pamoja. Leseni za watumiaji zinahitaji domeni ya Active Directory, huduma ya Windows Server inayotunza akaunti hizo. Ukiziweka bila domeni kwenye Windows Server 2019, mtu anaingia vizuri, kisha anaoneshwa onyo kwamba kuna tatizo la leseni na atatolewa baada ya dakika 60. Kwa ofisi ya namna hiyo nunua leseni za vifaa.

Wanaotazamia kubandika viraka wana njia yao: wanafuta kumbukumbu ya siku za neema ndani ya rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, ili hesabu ianze upya. Nimeitwa mara nyingi kwenye seva zilizofanyiwa hivyo. Miezi minne inapita, mlango unafungwa tena, mara nyingi tarehe za mwisho wa mwezi wakati ritani zinatakiwa kupelekwa, na aliyefanya kazi ile hapokei simu.

Tulinunua leseni kumi, kompyuta ziko nane, lakini zimekwisha

Dalili hii huwachanganya hata mafundi wazoefu. Inatokea kwenye leseni za vifaa.

Kompyuta ikiingia mara ya kwanza hupewa leseni ya muda ya siku 90. Ikirudi mara ya pili hupewa leseni kamili, ambayo tarehe yake ya mwisho hupangwa bila mpangilio kati ya siku 52 na 89. Kompyuta ikiendelea kutumika, leseni hujihuisha yenyewe. Ikitoweka, leseni husubiri tarehe ifike, ndipo irudi kwenye akiba.

Sasa fikiria ofisi ambayo kompyuta zinafomatiwa mara kwa mara kwa sababu ya virusi vya flashi. Kompyuta iliyofomatiwa, mbele ya seva ya leseni, ni kompyuta mpya. Inachukua leseni nyingine, na ile ya kwanza inabaki imeandikwa jina la mashine ambayo haipo tena. Fungua licmgr.exe uangalie orodha ya leseni zilizotolewa. Kwenye ofisi moja nilikuta majina kumi yote yakianza na DESKTOP na kufuatiwa na herufi zisizo na maana, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzipa kompyuta majina baada ya kufomati. Ikatulazimu kuzunguka meza kwa meza, kusoma jina la kila mashine na kulinganisha na orodha. Majina matatu hayakuwa na mwenyewe.

Unaweza kuzinyang'anya leseni za mashine zilizokufa kwa kubonyeza kulia juu ya jina na kuchagua kufuta, lakini Windows inakuruhusu kufanya hivyo kwa asilimia 20 tu ya leseni za aina hiyo kwa wakati mmoja. Kwenye leseni kumi ni mbili. Ya tatu tulisubiri tarehe yake. Tangu siku hiyo kila kompyuta pale ina jina la meza yake: HESABU1, STOO, MAPOKEZI. Ikifomatiwa inarudishiwa jina lile lile, na tunaona haraka ipi ni mzimu.

Haikubali kuongeza akaunti mpya

Ukiona hivi, uliza kama seva ni Essentials. Toleo hilo, tangu 2012 hadi 2019, lina kikomo cha watumiaji 25 na vifaa 50, na halihitaji leseni za kuunganishia, zile zinazonunuliwa kwa kila mtumiaji au kifaa kinachotumia seva. Ndugu yake mdogo, Foundation, liliishia watumiaji 15. Hapa haijalishi nani ameingia na nani amelala nyumbani, kinachohesabiwa ni akaunti zilizoandikwa.

Kwa hiyo kazi ni ya karani. Chapisha orodha ya akaunti, kaa na mtu wa utumishi, mpitie jina kwa jina. Mtakuta waliohamia Korogwe, waliostaafu, wanafunzi wa mafunzo ya vitendo wa mwaka juzi, na akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya printa. Hamisha mafaili yao kwanza, ndipo ufute. Usiharakishe. Niliwahi kusimamishwa dakika ya mwisho na mama mmoja wa masijala, aliyenikumbusha kuwa mikataba yote ya miaka mitatu ilikuwa kwenye folda ya mtu niliyekuwa karibu kumfuta. Namshukuru hadi leo.

Kama walio hai wenyewe wamezidi 25, panda kwenda Standard. Kwa Essentials za 2012 hadi 2016 inawezekana bila kufunga Windows upya, kwa amri ya DISM na ufunguo halali wa Standard, na zile huduma za Essentials zinaendelea kufanya kazi. Ila kuanzia hapo kila mtumiaji au kifaa kinahitaji leseni yake, hivyo gharama hiyo iingie kwenye hesabu mapema.

Seva inajizima yenyewe kila saa

Watu huchanganya hili na lile la kutolewa baada ya dakika 60. Angalia nani anazimika. Mtu akitolewa na seva inabaki inawaka, ni leseni ya rimoti. Seva nzima ikizima, andika slmgr /dlv. Ukiona neno la Kiingereza lenye maana ya majaribio kwenye jina la toleo, umeshapata chanzo: ni nakala ya majaribio ya siku 180, na zikiisha seva hujizima kila saa. Haina uhusiano wowote na idadi ya watu, hata kama kujizima kumeanza wiki mliyoajiri.

Hugeuzwa kuwa kamili kwa DISM /online /set-edition:ServerStandard pamoja na ufunguo ulionunuliwa na kukubali mkataba. Ikiwa seva hiyo ndiyo inayosimamia domeni, njia hii haifanyi kazi. Inabidi usimamizi uhamishiwe kwanza kwenye seva nyingine. Fanya nakala ya akiba kabla ya yote mawili.

Mambo yanayofanana na leseni lakini siyo

Saa ya seva. Betri ndogo ya bodi ikifa na umeme ukakatika, seva inaamka na tarehe ya zamani. Kwenye domeni, tofauti ikizidi dakika 5 kati ya seva na kompyuta, watu wanakataliwa kuingia. Linganisha saa kabla ya kununua chochote, betri yenyewe ni ya bei ya soda chache. Kisha kuna akaunti iliyofungwa kwa kukosea nywila mara nyingi, na nywila iliyopitwa na muda. Hayo huonekana haraka: mwingine akikaa kwenye kompyuta ile ile na kuingia bila shida, tatizo ni akaunti ya yule wa kwanza.

Hakuna dalili, na bado mmezidi

Windows Server Standard haimfukuzi mtu wa folda. Unaweza kuwa na leseni 10 za kuunganishia na watu 40, na seva ikawapokea wote kwa ukarimu. Deni lipo kwenye mkataba, na litaonekana siku ya ukaguzi, au siku mnapotaka zabuni ya kampuni inayodai uthibitisho wa leseni.

Hapa ndipo unapoweza kuwaokolea watu pesa kwa kukaa nao na kuhesabu. Mizani ya lango la ghala ina kompyuta moja na makarani watatu wanaopokezana zamu: nunua leseni moja ya kifaa, siyo tatu za watumiaji. Afisa masoko mwenye kompyuta ya mezani, ya kubeba na simu: nunua moja ya mtumiaji. Kuwaunganisha watu kumi kwenye akaunti moja hakupunguzi leseni, kwa kuwa wanahesabiwa wanaotumia, na kunaharibu kumbukumbu ya nani alifuta nini. Na kama Windows Server ndiyo inayogawa anwani za mtandao, hata simu za wageni wa mapokezi zinaingia kwenye hesabu. Hamishia kazi hiyo kwenye rauta, wageni wawe na mtandao wao.

Ile ofisi ya bandarini tulimaliza saa nne na nusu, mteja akapata ankara yake. Kabla sijaondoka nilipiga picha ile karatasi ya herufi 25, nikaandika kwenye daftari lao jina la seva ya leseni, toleo, aina, idadi na tarehe ya kuingizwa. Mzee akairudisha bahasha kwenye droo, safari hii akaandika juu yake kwa kalamu nene: SEVA, USITUPE.